Dawa ya Kuotesha Moyo

Sajenti Tabitha Chilumba alivua viatu mlangoni, akainama kupita chini ya pazia, akamkuta mjane amekaa kwenye mkeka, mgongo wima, nguo nyeupe ya eda ameivaa kama askari anavyovaa magwanda. Ilikuwa siku ya ishirini na sita tangu Halfani azikwe.

"Umemkamata?" Mwamina aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nimemshika stendi ya Nachingwea asubuhi hii. Tiketi ya Dar mfukoni, deli la barafu mapajani. Lakini kumshika ni kazi moja, dada. Kumfunga ni nyingine."

"Kwani anasemaje?"

"Anasema yeye ni Daktari Ashraf, mzaliwa wa Dar, kasomea India, na huku Ruangwa hajawahi kukanyaga. Anasema kuna tapeli anatembea na jina lake. Mkuu wa kituo amenipa mpaka saa kumi jioni. Ikifika saa kumi sina cha kumwonyesha, anamfungulia mlango."

Mwamina hakulia. Machozi alishayamaliza wiki ya kwanza, na kilichobaki kilikuwa kikavu na kigumu.

"Afande, mimi bado nina miezi mitatu na siku kumi na nne za kukaa humu ndani. Siku nikitoka, kama yule mtu bado anatembea, nitamfuata kwa miguu yangu. Na sitakwenda na karatasi kama wewe."

Uani, Nuhu, mdogo wake marehemu, alikuwa ananoa panga ambalo lilishang'aa tangu juzi. Tabitha aliisikia tupa ikienda na kurudi, akajua kwamba watu wawili katika nyumba hii wameshatoa hukumu, na aliyechelewa ni serikali peke yake.

"Nisimulie tena," alisema, akafungua daftari. "Tangu mwanzo, hata kile unachodhani hakina maana."

Mwamina alisimulia. Halfani alikuwa anapulizia salfa mikorosho yake, mwezi wa saba, kifua kikambana kama kimefungwa kamba za magunia. Wakampakia kwenye baiskeli, kisha kwenye lori la mbao, mpaka hospitali ya misheni upande wa Mnero. Daktari akasema mshipa wa moyo umeziba, kipande cha moyo kimekufa. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, asiache mpaka aambiwe. Akarudi nyumbani anatembea, ingawa kwa kupumzika pumzika.

"Baada ya siku nane akaja yule. Na pikipiki, koti jeupe, na kile kitambaa cha madaktari kimemfunika kuanzia puani mpaka kidevuni. Akasema amesikia habari za mgonjwa. Akasema ana seli shina kutoka nje, ni kama mbegu. Ukizidunga kwenye mkono zinasafiri na damu, zinafika penye jeraha la moyo, zinaota nyama mpya. Alisema, mama, ni kama mche wa mkorosho kwenye kiriba. Sindano tatu, kila Jumanne moja."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Akasema aviache. Eti vinaua mche ukiwa bado mchanga."

Tabitha aliomba avione. Mwamina akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda. Sajenti akavimwaga kwenye khanga, akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Karatasi ya hospitali ilisema sitini. Vilivyokuwepo ni hamsini na viwili.

"Alikula siku nane," Tabitha alisema. "Siku ya sindano ya kwanza akaacha."

"Alhamisi baada ya sindano ya pili akafa. Alikuwa anacheka na mimi, akanyamaza katikati ya neno."

Tupa nje ikasimama, kisha ikaendelea.

"Uso wake hukuuona hata mara moja?"

"Kitambaa hakukishusha. Hata maji ya kunywa alikataa."

Hapo Tabitha aliacha kuandika. Daktari aliyetoka Dar na India, hofu ya kuonekana uso hapa kijijini Nkowe angeitoa wapi? Anayejificha uso kijijini ni yule ambaye kijiji kinaweza kumjua.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Marehemu, mimi, na bibi Kulthumu, jirani. Yeye ni Mmakua, sisi Wayao, ni watani wetu, kwa hiyo unajua mambo yake. Alipomwona tu pale mlangoni akaanza kumtukana kama anavyomtukana kila mtu. Akamwambia koti lako la muuza nyama."

"Yule akakasirika?"

"Hakujibu. Ila macho yake juu ya kitambaa yalicheka." Mwamina akatazama pazia. "Halafu kuna jambo. Bibi aliniapisha nisiseme."

"Mimi siyo watu, dada. Mimi ni polisi."

Mwamina karibu atabasamu. "Siku hiyo ya sindano ya kwanza bibi alikosa pa kukaa, akageuza kinu changu, akakikalia. Kikapasuka kuanzia mdomoni mpaka chini, naye akaenda nacho. Mwanamke mzima kukalia kinu cha watu na kukivunja, unajua aibu yake. Tulikificha chini ya kuni siku ileile, mpaka leo natwanga kwa kukopa cha jirani. Sasa yule daktari alipoona, alicheka mpaka akatoka nje kushika mti. Hakumuuliza bibi kama ameumia. Alicheka tu."

Tabitha aliifunga kalamu yake. Mtu wa mbali angemwinua ajuza aliyeanguka, au angegeuka pembeni kwa heshima. Anayemcheka bibi wa watu mpaka kushika mti ni mtani wake, na anajua kwamba ni haki yake.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua kuni. Kinu kilikuwepo, na ufa wake.

*

Bibi Kulthumu alipandishwa kwenye Land Rover ya polisi, akakaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Alikuwa mdogo kama kuku wa kienyeji, isipokuwa sehemu ile iliyopasua kinu.

"Unanipeleka wapi, mwanangu?"

"Kwanza Mnero kwa daktari, halafu kituoni. Bibi, ulimpenda Halfani?"

"Halfani alikuwa ananitukana vizuri kuliko Wayao wote wa Nkowe. Asubuhi nikitoka chooni tayari ananisubiri na tusi jipya." Alitazama barabara. "Sasa nani atanitukana? Hawa vijana wanasema shikamoo bibi, wanapita. Mimi namtaka huyo mtu, Sajenti. Nimtafune nikiwa na haya meno matatu."

Mnero walisimama kwa sababu ya karatasi. Mwamina alikuwa ameitunza barua ambayo yule mtu alimwachia marehemu, ina mhuri, inasema tiba ya seli shina imeruhusiwa na Dokta Eustakio, yuleyule aliyemtibu Halfani hospitalini. Njia nzima Tabitha alikuwa anamwandalia Eustakio maneno makali. Nani mwingine angejua kwamba kuna mtu Nkowe ana moyo uliojeruhiwa?

Dokta Eustakio, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa waya, aliisoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Hii si yangu."

"Kila mtu anasema hivyo leo."

"Sajenti, usiangalie mhuri. Mhuri unachongwa na fundi viatu. Soma hapa, mstari wa tatu. Mgonjwa aache vidonge vyote. Mtu aliyekaa darasa la uganga hata siku moja hawezi kuandika hivyo. Vile vidonge ndivyo vilikuwa vinazuia damu isigande tena. Ukimwondolea, umemwondolea gogo mlangoni na chui yuko nje."

"Na hizo seli? Ni uongo mtupu?"

"Hapo ndipo penye ubaya wake. Si uongo mtupu." Alivua miwani. "Nyama ya moyo ikifa haioti, inabaki kovu. Sasa wenzetu Ulaya na kwingine, tangu miaka kama sita iliyopita, wanajaribu kuchukua seli changa, zile ambazo bado hazijawa kitu maalumu, kwa mfano kutoka kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe. Wanazipitisha kwenye mrija mwembamba mpaka ndani ya mishipa ya moyo. Wengine wamepata nafuu kidogo, wengine hawakupata kitu. Ni majaribio. Halfani aliniuliza, nikamwambia hayohayo, nikamwambia labda wajukuu zako. Akafurahi. Alimsimulia kila mtu wodini, na nadhani kila mtu barabarani mpaka kwao."

Tabitha akafuta mstari mmoja daftarini. Habari za moyo wa Halfani alizitangaza Halfani mwenyewe. Yeyote aliyekuwa na masikio kati ya Mnero na Nkowe angeweza kupanda pikipiki.

"Huyu mtu zake alizibeba kwenye deli la barafu."

"Deli lipi?"

"Lile la wauza barafu za ukwaju. Ndani bado lina rangi ya ukwaju."

Daktari alicheka bila furaha. "Seli hai zinatunzwa kwenye ubaridi unaogeuza hewa kuwa maji. Humo kwenye deli angeweza kuhifadhi dagaa, tena mpaka saa sita tu."

Bibi Kulthumu, aliyekuwa ameketi kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akauliza: "Kwa hiyo alimwua kwa kumkataza dawa."

"Mahakama itasema, bibi. Mimi nitakwenda kuieleza, wakiniita."

*

Walifika kituo cha Nachingwea saa tisa na nusu. Mkuu wa kituo, Inspekta Felisian, alikuwa mlangoni anatazama saa yake kwa namna ya kuonekana anaitazama.

"Sajenti, amenionyesha kitambulisho, amenionyesha tiketi. Ana wakili anapiga simu kutoka Dar. Wewe una nini?"

"Nina bibi, afande."

"Bibi wa nini?"

"Ninaomba dakika ishirini. Na ninaomba wewe mwenyewe ukae, usikie kwa masikio yako."

Tabitha kabla ya kuingia alimvuta Kulthumu pembeni. "Bibi, mle ndani kuna mtu. Sitaki umuulize swali lolote kuhusu Halfani. Kinu usikitaje kabisa. Wewe mtukane tu."

"Ni Myao?"

"Hilo ndilo nataka kulijua."

"Basi itabidi nichimbe."

Chumbani, Daktari Ashraf alikaa amekunja miguu, shati limepigwa pasi, umri kama miaka arobaini, sura ya mtu anayesubiri kuombwa msamaha. Mezani palikuwa na deli, na kando yake chupa sita ndogo zenye maji ya waridi. Konstebo mmoja kijana wa Mwanza alikaa na karatasi za maelezo.

Kulthumu aliketi kwenye benchi, akamwangalia konstebo kwanza, kama mtu anayejaribu jembe kwenye udongo laini.

"Na wewe, hicho kichwa walikuazima, au ndicho chenu cha ukoo?"

Konstebo akasimama wima. "Bibi, chunga mdomo. Hapa ni kituo cha polisi."

"Kaa, kijana," Tabitha alisema, akamtupia jicho Inspekta Felisian. Konstebo ndiye mtu wa mbali. Inspekta aone anavyotukanwa.

Kulthumu akageuka kwa daktari.

"Huyu naye mmemtoa wapi? Tumbo kama kiroba cha pumba. Daktari gani ana kucha za mchimba panya?"

Ashraf alitazama dari. Lakini mdomo wake ulicheza pembeni.

"Bibi ana matatizo ya akili?" aliuliza kwa Kiswahili safi cha redioni.

"Ni raia tu amekuja kupumzika," Tabitha alisema. "Tuendelee. Ulisema ukoo wenu ni wa wapi?"

"Kariakoo. Babu yangu alikuwa mfanyabiashara."

"Wa panya," Kulthumu alidakia. "Alikuwa anawachoma mishikaki, anawauza kwa jina la ndege. Nawajua, nyinyi. Mama yako alikuzaa kwenye mtego, ukatoka umeshika chambo."

Daktari alimeza mate. Tabitha aliendelea na maswali yake ya kivivu, chuo gani, mwaka gani, bweni la ngapi, na baada ya kila jibu bibi alidondosha lake. Akalitukana shati. Akaitukana pasi iliyolinyoosha. Akayatukana masikio, akauliza kama ni ya kusikilizia au ya kupepetea. Mkononi mwa daktari kidole kilianza kugonga goti. Mtu anayetukanwa na adui hukasirika, na mtu anayetukanwa na kichaa hunyamaza. Huyu alikuwa anapata shida ya namna nyingine kabisa: alikuwa na majibu, mengi, mazuri, na hana ruhusa ya kuyatoa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. Inspekta Felisian akakohoa.

"Basi," bibi alisema, akajinyoosha. "Nimeshamshinda. Mnaona wenyewe, hana hata moja. Halfani angekuwa hai angenijibu. Huyu Myao wa plastiki, mtoto amekosa kufundwa, hata ngoma ya jandoni walimsimamishia nje ya ua. Nikifika Nkowe nitawaambia wanawake wote kwamba nimemtukana mwanaume mzima saa nzima, akakaa kimya kama fundo la..."

"Wewe bibi," Ashraf alisema, na Kiswahili cha redioni kilikuwa kimekwisha toka dirishani, "kalio lako lilishapasua kinu cha watu, leo umekuja kumalizia benchi la serikali?"

Akacheka. Alicheka kwa raha ya mtu aliyebanwa mkojo safari nzima na sasa basi limesimama. Konstebo naye alicheka, ingawa hakujua sababu. Bibi Kulthumu alipiga kofi moja pajani, kwa sababu lilikuwa jibu zuri na haki ilikuwa haki, kisha uso wake ukajikunja taratibu kama jani kwenye moto.

Tabitha hakucheka.

"Kinu gani, daktari?"

Kicheko kilikatika.

"Ni... ni utani tu. Watu husema."

"Watu hawasemi. Kile kinu kilipasuka Jumanne ya sindano ya kwanza, uani kwa Halfani, Nkowe. Kikafichwa chini ya kuni siku ileile kwa sababu ya aibu ya huyu bibi. Nimekifukua leo kwa mikono yangu. Waliokiona kikipasuka ni watu wanne. Mmoja yuko kaburini, mmoja yuko ndani ya eda, mmoja huyu hapa." Alisogeza kiti. "Wa nne alikuwa amefunika pua na mdomo kwa kitambaa. Na wewe Ruangwa hujawahi kukanyaga."

Inspekta Felisian aliivua saa yake mkononi, akaiweka mfukoni.

"Konstebo," alisema, "andika hilo la kinu kama lilivyotamkwa. Neno kwa neno. Na usiandike unacheka."

Jina lake halisi lilipatikana kabla chai haijapoa. Ismaily Kaimu, wa Nambilanje, kijiji cha pili kutoka kwa marehemu. Alikaa Dar miaka tisa akiuza dawa za mende, akarudi na koti jeupe, akadunga watu kijiji baada ya kijiji.

*

Sheria inataka mtuhumiwa aonyeshe eneo la tukio, na Tabitha siku hiyo aliipenda sheria kuliko siku nyingine yoyote. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho walipomteremsha Nkowe, pingu mkononi. Nuhu na wanaume kama ishirini walisimama nje ya ua. Mapanga yalikuwepo. Tabitha akasimama kati yao na mtu wake.

"Nuhu, shemeji yako ndiye mwenye msiba. Mwache yeye aanze."

Akamweka Ismaily kwenye kigoda mbele ya pazia, chumba cha nje, mlango wazi. Mfukoni alitoa chupa moja ya waridi iliyosajiliwa kama kielelezo, na bomba la sindano jipya kwenye karatasi yake, akaviweka sakafuni. Kisha akachukua daftari.

Sauti ya Mwamina ilitoka nyuma ya kitambaa, ya chini, bila haraka.

"Daktari, karibu tena. Ulituambia dawa hii haina madhara."

Ismaily alivuta miguu yake mbali na chupa.

"Ulimwambia mume wangu hata mtu mzima wa afya akidungwa inamwongezea nguvu. Mimi siruhusiwi kuguswa na wewe. Jidunge mwenyewe, nikusikie. Sajenti atatazama pembeni."

Tabitha akatazama pembeni. Palikuwa na mjusi ukutani, akamchunguza sana.

Ismaily aliiangalia chupa. Aliangalia mlango, akakutana na uso wa Nuhu. Jasho lilimshuka kwenye shati lile la pasi.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini? Si mbegu za moyo?"

"Siwezi, mama."

"Imo nini?"

Alisema kwa sauti ya mdomoni tu. Tabitha alimsikia vizuri sana.

"Kalamu yangu nzito," alisema. "Rudia."

"Ni maji. Maji ya bomba nimechemsha, na vitamini ya kuku, ile ya kutia rangi."

Nyuma ya pazia mkeka ulikwaruza. Kisha: "Na vidonge vya hospitali, kwa nini ulimwachisha?"

"Nilisikia... nilijua vingempa nafuu. Nikaogopa atasema ni vidonge vilivyomponya, siyo mimi."

Nje, mtu mmoja alivuta pumzi. Nuhu alipiga hatua moja, konstebo naye akapiga moja.

"Nuhu," Mwamina aliita, "simama hapohapo. Ukimkata atakufa hajamaliza kusema. Mama mkwe yuko jikoni, hakusikia. Wazee wako nje, hawakusikia. Kwao Nambilanje ni mwendo wa saa moja, na hawajasikia kabisa." Pazia halikutikisika. "Afande, gari lako lina mafuta?"

"Yapo ya kutosha kuzunguka vijiji vyote alimodunga watu," Tabitha alisema. "Kila kimoja ni eneo la tukio."

"Basi daktari, anza hapa kwangu. Tangu pale pa maji. Na upaze sauti."